Chumvi, mizani na safari ya basi: Kuishi na moyo uliochoka ukiwa bado kijana

Kuna maneno ya hospitali ambayo yakikupata bila maelezo yanaweza kukumaliza kabla ya ugonjwa wenyewe. 'Moyo kushindwa' ni mojawapo. Ukiyasikia tu, unaona moyo uliozima kama simu iliyoisha chaji, na watu wa nyumbani wanaanza kuulizana nani ana namba ya pasta.

Lakini moyo ulioshindwa haujasimama. Bado unapiga, karibu mara 100,000 kwa siku, kama wangu na wako. Shida ni kuwa kila pigo halitoi damu ya kutosha mahitaji ya mwili.

Chukua pampu ya maji ya ploti yenu. Ikiwa mpya, maji yanapanda hadi ghorofa ya sita. Ikichoka, bado inanguruma usiku kucha, lakini watu wa juu wanapata matone na huku chini kunafurika. Mwili nao ni hivyo. Damu isiposukumwa vizuri inasongamana nyuma, na maji yanavuja mahali yasipotakiwa: kwenye mapafu, ndiyo maana unakosa pumzi, kwenye miguu, ndiyo maana viatu vya jana leo havikuingii, tumboni, ndiyo maana unashiba baada ya matonge mawili.

Halafu kuna ile namba. Ukipigwa picha ya moyo, unaambiwa ni asilimia ngapi ya damu iliyo kwenye chumba kikuu cha moyo inayotoka kwa kila pigo. Watu wengi wakisikia 'moyo wako uko asilimia 30' wanadhani wamebakishiwa asilimia 30 ya maisha. Hapana, bana. Hata moyo mzima kabisa haufikishi 100. Kawaida ni kati ya 50 na 70. Ukiwa 30, umepungukiwa, tena sana, lakini hujazikwa.

Nimeyajua haya kupitia binamu yangu. Ana miaka 29, anauza nguo za mtumba Gikomba, na anaishi Pipeline, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Amenikubalia niandike mradi nisimtaje jina. Wiki sita baada ya kujifungua mtoto wake wa pili alianza kuchoka ovyo. Kila mtu akamwambia ni uchovu wa mama mchanga. Kikohozi kikaja, akapewa dawa za kifua. Kisha akashindwa kulala chali. Alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta, mtoto mapajani. Alipofikishwa hospitali na kupigwa picha ya moyo, namba ilikuwa 28.

Kumbe kuna aina ya moyo kushindwa inayowapata akina mama kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano hivi baada ya kujifungua. Inafichika kirahisi, kwa sababu mimba yenyewe huleta uchovu na kuvimba miguu. Wengine huanguka kwenye shida hii kupitia presha ambayo hawakuwahi kuipima. Wengine ni kwa sababu ya koo. Ndiyo, koo: maambukizi ya koo ya bakteria yasiyotibiwa utotoni yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikaharibu vali za moyo polepole, hadi msee anafika miaka 20 hawezi kupanda ngazi.

Kwa hivyo wale wanaosema huu ni ugonjwa wa wazee wamesoma vitabu vya kwingine. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa 2012, uliangalia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kwa ghafla katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ulaya na Marekani wengi wanaolazwa huwa wameshapita 70. Utafiti mwingine, INTER-CHF, uliotoka 2017, ulilinganisha mabara. Kwa wagonjwa wa Afrika, asilimia 34 walikuwa wamefariki ndani ya mwaka mmoja. Kwa wale wa China, asilimia 7.

Sijaweka takwimu hizo kutisha mtu. Nimeziweka ili ujue kuwa kinachofanyika baada ya kutoka wodini si mchezo.

Binamu alitoka wodini na mfuko wa vidonge na karatasi moja. Karatasi ilisema: punguza chumvi, usizidishe maji, jipime uzito kila siku, pumzika, fanya mazoezi. Pumzika na ufanye mazoezi, kwa karatasi moja! Na haikusema utayafanyaje hayo ukiwa watu wanne mnakula sufuria moja, choo ni cha kushiriki na kazi yako ni kubeba nguo.

Nimemtazama miaka miwili sasa, na kusema ukweli, kuyajua masharti si ndiyo kazi. Masharti unayajua kwa siku moja. Kazi ni kwamba karibu kila sharti linataka watu wengine wajue wewe ni mgonjwa, na kijana wa miaka 29 hataki mtu ajue. Anataka kuonekana yuko sawa. Hapo ndipo mambo huharibika, na nitakueleza vile yalivyoharibika kwake.

Kwanza chumvi, kwa sababu ndiyo mama yao wote. Chumvi hushika maji mwilini, na maji yakizidi, moyo uliochoka unaongezewa mzigo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima yeyote, hata mzima wa afya, asipitishe gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kijiko kimoja cha chai, kikiwa bapa, na kinahesabu kila kitu ulichokula kuanzia asubuhi. Wengi wetu tunakimaliza kabla ya saa nane mchana bila hata kugusa kopo la chumvi.

Sababu ni kuwa chumvi ya mjini haikai kwenye kopo. Iko kwenye smokie pasua na soseji. Iko kwenye mutura, kwenye krispi, kwenye mkate. Iko kwenye vile viungo vya pakiti na vya mchemraba tunavyotia kwenye kila mchuzi, hata wa ndengu. Baking powder ya mandazi ina sodiamu, na sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi yenye shida. Magadi tunayotia kwenye githeri ili maharagwe yaive haraka ni sodiamu pia, hata kama hayana ladha ya chumvi. Na ile pakiti ya unga wa kiungulia inayotoa povu kwa glasi? Sodiamu tena. Vidonge vya kuyeyusha kwa maji, hali ni hiyo hiyo.

Upande wa habari njema, tuna ugali. Ugali wetu haupikwi na chumvi, na watu hawajui hiyo ni zawadi kiasi gani. Ukiwa na ugali, sukuma iliyokaangwa na kitunguu na nyanya nyingi, na yai au omena iliyooshwa vizuri, umekula kama mtu na chumvi uliyotumia ni chembe. Viazi vya kuchemsha, nduma, ngwaci, ndizi mbichi, maharagwe yasiyo na magadi, yote sawa. Ladha inatafutwa kwingine: limau, dhania, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, bizari. Wiki mbili za kwanza chakula kina ladha ya karatasi. Ikifika wiki ya nne hivi ulimi unazoea, na siku ukionja chips za kibandani unahisi umelamba bahari.

Nimewahi kuulizwa, je, mtu akiacha chumvi kabisa si ndiyo bora zaidi? Si lazima. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa SODIUM-HF ambapo wagonjwa 806 waligawanywa, wengine wakabanwa chumvi kabisa, wengine wakafuata ushauri wa kawaida. Kubana sana hakukupunguza kwa kiasi cha maana vifo wala kulazwa hospitalini, ingawa waliobana waliripoti kujisikia nafuu kiasi. Kwa hivyo usijitese kwa chakula kisicholika hadi ukonde. Toa chumvi ya meza, toa vya pakiti, toa nyama za kiwandani, na hapo umefanya kazi kubwa.

Onyo moja hapa. Kuna chumvi zinazouzwa supamaketi zikiitwa za afya, zisizo na sodiamu au zenye kidogo. Nyingi zimejazwa potasiamu badala yake. Baadhi ya dawa za moyo, kama spironolaktoni na enalaprili, zinafanya potasiamu ibaki mwilini. Ukichanganya, potasiamu inaweza kupanda hadi ikavuruga mapigo ya moyo, na hiyo huua ghafla. Sisi watu wa Magharibi tuna chumvi yetu ya jivu, musherekha, ya kupikia mrenda. Kukhu yetu alimletea binamu chupa nzima kutoka nyumbani akisema hii si chumvi ya duka, hii ni ya asili haina madhara. Jivu la mimea lina potasiamu nyingi. Chupa hiyo ilibidi ibaki kwenye kabati, na ikabidi mtu amweleze Kukhu kwa heshima, mambo ambayo yalichukua simu tatu.

Kuhusu maji, hapa ushauri umebadilika kidogo. Zamani karibu kila mgonjwa alikuwa anaambiwa asipitishe lita moja na nusu. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kutoka 2025 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa waliotulia, kubanwa maji hivyo hakukuleta faida ya wazi, ila kiu ilizidi. Lakini kwa aliyevimba au ambaye ugonjwa umemzidi, daktari bado anaweza kuweka kikomo, na huyo akipewa kikomo akifuate. Binamu aliwekewa lita moja na nusu miezi ya mwanzo. Alikuwa na chupa tatu za nusu lita, anazijaza asubuhi. Akinywa chai kikombe, anamwaga kipimo hicho kutoka kwa chupa. Uji, supu, soda, tikiti maji, vyote vinahesabiwa. Kiu ikimshika, anasukutua mdomo na kutema, au anafyonza kipande cha limau.

Sasa mizani. Ukiniuliza ni kifaa gani cha kwanza mgonjwa anunue, si mashine ya presha. Ni mizani ya bafuni. Mafuta hayaongezeki kilo mbili kwa siku tatu. Hayo ni maji. Na maji hujionyesha kwenye mizani siku kadhaa kabla ya kujionyesha kwenye pumzi. Unajipima asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi, kwenye mizani ile ile, sakafu ile ile. Unaandika kwenye daftari. Ukiona zaidi ya kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku tatu, unapigia kliniki siku hiyo, husubiri Jumatatu.

Kuna wale jamaa wa katikati ya jiji wenye mizani kando ya barabara, wanakupima uzito na kimo kwa shilingi chache. Nawaheshimu, kazi ni kazi, lakini kwa jambo hili hawatoshi. Leo umepimwa na jaketi na viatu saa sita mchana, kesho bila jaketi saa kumi. Hiyo si hesabu.

Tuje kwa dawa, hasa ile tunayoita dawa ya maji, furosemidi. Inatoa maji ya ziada kupitia mkojo, na inayatoa haraka: saa moja baada ya kumeza, uko mbio chooni, mara tatu, mara nne. Hebu sasa jiweke kwenye matatu ya saa kumi na mbili asubuhi kutoka Pipeline, msongamano umekaa, kondakta anapiga kelele, na kibofu kinakuambia sasa hivi. Utafanya nini? Binamu alifanya kile wengi hufanya. Akawa anairuka.

Alianza na siku za kazi. Kisha ikaja safari ya matanga.

Mjomba alifariki Aprili mwaka jana, mazishi Kakamega. Basi la usiku, zaidi ya saa nane, na linasimama Nakuru dakika chache tu, foleni ya choo inafika kwenye maegesho. Binamu hakumeza dawa ya maji Alhamisi kwa sababu ya basi. Hakumeza Ijumaa kwa sababu matanga yalikuwa na watu mia mbili na choo kimoja cha shimo. Hakutaka kuonekana anaenda-enda. Akala walichopika: nyama ya mchuzi wenye chumvi ya kutosha watu mia mbili. Wifi zake walikuwa wanabeba maji kutoka mtoni, naye akabeba, mtungi wa lita 20 kichwani, kwa sababu mke wa mtu hawezi kukaa chini ya mwembe wenzake wakifanya kazi. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyejua.

Jumapili usiku alirudi na basi akiwa amesimama nusu ya njia, kwa sababu akiketi vibaya pumzi inakata. Jumanne alikuwa amelazwa. Kilo sita za maji. Siku tisa kitandani, kibanda cha Gikomba kimefungwa, mtoto mdogo akiwa kwa jirani.

Nilikaa naye wodini jioni moja na nikamuuliza mbona hakusema tu. Akaniambia, wewe ungekubali kuitwa mgonjwa mbele ya wakwe? Sikuwa na jibu.

Kitu ambacho hakuwa amejua, na nesi alimweleza kwa dakika mbili tu, ni kuwa saa ya kumeza dawa ya maji si amri ya Musa. Wengi huimeza asubuhi ili wasiamke usiku, lakini kwa makubaliano na daktari unaweza kuisogeza. Siku ya kazi, unaweza kuimeza ukishafika na unajua choo kiko wapi. Siku ya safari, ukishashuka. Kusogeza si kuruka. Hizo siku zote alizoziruka zilikuwa na suluhu iliyohitaji swali moja, na swali hilo hakuliuliza kwa sababu foleni ya kliniki ilikuwa ndefu na aliona aibu kuzungumzia mkojo mbele ya daktari kijana.

Zile dawa nyingine haziruhusu hata kusogezwa ovyo. Hazikufanyi ujisikie chochote siku ukizimeza, na ndiyo maana watu huziacha wakishapata nafuu. Lakini nafuu yenyewe ni kazi yao. Pesa zikiisha, mwambie daktari akuonyeshe ya bei nafuu badala ya kukata vidonge nusu ili zifike mwisho wa mwezi. Na hakikisha umejisajili na michango yako ya SHA iko sawa kabla ya siku ya kulazwa, si siku yenyewe.

Kuhusu mazoezi: ndiyo, moyo uliochoka unahitaji mazoezi. Watu walikuwa wanaogopa zamani, lakini utafiti wa HF-ACTION wa 2009, uliokuwa na wagonjwa 2,331, ulionyesha mazoezi yaliyopangwa ni salama kwa waliotulia, na maisha yao yakawa bora kiasi. Huhitaji jimu. Tembea. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kuongea ukitembea, kasi ni sawa, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Binamu alianza na dakika tano ndani ya ploti, akaongeza kidogo kidogo. Siku hizi anashuka matatu vituo viwili kabla. Ngazi za nyumbani anazigawa: anapumzika kila ghorofa, na amemwekea mlinzi wa jengo stuli ghorofa ya pili kwa hisani yake mwenyewe. Siku ukiwa umevimba au umekosa pumzi, mazoezi hakuna.

Kile hafai kufanya ni kubeba na kusukuma vitu vizito huku ameshikilia pumzi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mifereji ikikauka mtaani, na mnajua hukauka, kijana wa mkokoteni anapandishia maji hadi mlangoni. Hiyo pesa imeingia kwenye bajeti kama kodi ya nyumba. Blanketi anafua mume wake. Jamaa alichekwa na majirani mwezi wa kwanza, saa hii wamezoea.

Mambo ya raha nayo tuseme waziwazi. Sigara, wacha, hakuna kona hapo. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017 na bado naiona kwa watu, hiyo nayo wacha. Pombe hudhoofisha misuli ya moyo; kama ndiyo iliyokufikisha hapo, ni kuacha kabisa, na kama siyo, uliza daktari wako, usiulize beste wako. Muguka na miraa hupandisha presha na kuharakisha mapigo, na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vina kafeini ya kutosha kumkimbiza farasi. Moyo ambao tayari unatatizika huhitaji kuukimbiza.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kama hatari: dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki zinauzwa kila duka la dawa bila swali, mgongo ukiuma, hedhi ikiuma. Zinafanya mwili ushike chumvi na maji na kuumiza figo. Kwa mtu wa moyo zinaweza kumrudisha wodini. Parasetamoli ya kawaida ndiyo huwa salama zaidi. Kila ukiingia duka la dawa, sema kwanza, nina shida ya moyo. Useme kwa sauti, hata kama kuna watu nyuma yako.

Na kwa wale ambao vali zao zimebadilishwa na wanatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda: sukuma wiki si adui, lakini usile rundo zima wiki hii kisha ukose kabisa wiki ijayo. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo inapingana na dawa hiyo. Kula kiasi kinacholingana kila wiki.

Sasa chumbani. Vijana wengi hawaulizi, wanajitengenezea majibu. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi ni rahisi: ukiweza kupanda ghorofa mbili bila kukosa pumzi wala kifua kuuma, tendo la ndoa kwa kawaida halina neno. Wanaume, vile vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kichinichini, usivimeze bila daktari kujua; vikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaanguka ghafla na unaweza kufa.

Kwa wanawake, uamuzi mgumu zaidi ni mimba. Enalaprili na dawa za jamii yake humdhuru mtoto tumboni. Na kwa aliyepata ugonjwa huu wakati wa kujifungua, mimba nyingine kabla moyo haujarudi sawa inaweza kumuua. Binamu ana wasichana wawili. Mama mkwe anataka mvulana, na anasema hivyo kila akipiga simu. Kwa mwaka mmoja mzima binamu alikuwa anajibu, Mungu akipenda, mama. Baada ya kulazwa, mumewe ndiye aliyechukua simu. Alimwambia mama yake kuwa daktari amekataza, na kwamba yeye mwenyewe amekataa pia, asimsumbue mwenzake tena. Mama hakupiga kwa wiki tatu. Alipopiga, aliuliza kama wajukuu wamekula. Binamu amewekewa kipandikizi mkononi, cha aina ambayo daktari alimchagulia akijua moyo wake, kwa sababu si kila njia ya kupanga uzazi inamfaa mtu wa moyo.

Kichwa nacho kinachoka. Kuna siku binamu hataki kuamka, si kwa sababu ya pumzi, bali kwa sababu kila kitu ni hesabu. Huzuni ya aina hii ni ya kawaida sana kwa wenye shida ya moyo, na anayezama humo huacha dawa. Itajwe kliniki kama miguu kuvimba inavyotajwa.

Na kama unaishi na mtu wa hivi, jifunze kuhesabu mito. Akilala na mto mmoja jana na leo anataka mitatu, uliza. Akianza kukohoa usiku tu, akiamka kwa ghafla akitafuta dirisha, akikosa hamu ya kula na suruali ikimbana tumboni, mpigie daktari. Akizirai, kifua kikimuuma, au akishindwa kupumua hata akiwa ameketi, hiyo si ya kupiga simu kuuliza, tafuta gari.

Picha ya mwisho ya moyo wa binamu, mwezi uliopita, ilisoma 41. Daktari hakushangilia sana. Alisema endelea na dawa zote, tuonane baada ya miezi mitatu. Mizani inakaa chini ya kitanda na daftari liko juu ya friji, ambapo mtu yeyote anayeingia kwenye keja hiyo anaweza kulisoma.

Desemba wanaenda Kakamega tena. Safari hii ni basi la mchana, kiti cha kando ya njia ili aweze kusimama na kunyoosha miguu. Dawa ya maji atameza akishafika. Amekubaliana hivyo na kliniki. Amebeba chakula chake kwenye kopo, viazi na kuku wa limau. Mama mkwe amepiga simu mwenyewe kuuliza kama supu ya kienyeji isiyo na chumvi bado ni supu, na wifi mkubwa ametangaza kwenye grupu la familia kuwa kuna mtu hatabeba maji mwaka huu, na asiulizwe.